Mjane wa Meza ya Tisa

Kufikia siku ya tano ya safari, Nedka alikuwa amekwisha kumuua mumewe mara nne.

Alimuua bandarini Piraeus, mkaguzi wa tiketi alipouliza mbona chumba cha watu wawili kina jina moja. Akamuua mbele ya mhudumu wa chumba, kisha mbele ya daktari wa meli. Kila mara kwa ugonjwa wa moyo, maana moyo haukaribishi maswali. Lakini kifo kilichomnyima raha ni kile cha mezani.

Meza ya tisa walipangiwa Wabulgaria waliosafiri peke yao, nao walikuwa watatu tu. Jioni ya kwanza, Gancho, dereva mstaafu wa treni, ndiye aliyefungua mazungumzo.

"Mimi nimefiwa na mke, mwaka wa pili huu. Bi Zlatina hapa naye kafiwa. Na wewe, dada? Au mzee umemfungia nyumbani na paka?"

Nedka alifungua kinywa aseme kweli: kwamba miaka minne iliyopita mumewe Lyuben alifunga sanduku lake akahamia Varna kwa mwanamke ambaye yeye Nedka hata jina lake hakutaka kulisikia, na kwamba Nedka alibadili namba ya simu ili asipate habari zao tena. Lakini kuachwa na umri wa miaka hamsini na tisa si jambo la kusimulia juu ya supu.

"Mimi pia mjane," alisema. "Moyo. Si siku nyingi."

Zlatina, mwanamke mwembamba aliyevaa nyeusi, aliweka kijiko chini. Alimtazama, akashusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa mzigo.

"Pole," alisema. "Pole sana, mwenzangu."

Tangu hapo akamganda kwa wema. Alimwachia kiti cha dirishani. Alimmenyea machungwa. Kule kisiwani Rodi alimbebea mkoba ngazi zote za mji wa kale, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akihema. Walipopumzika kivulini aliuliza, bila kumtazama:

"Tangazo la msiba mlilibandika pale kwenu?"

"Tulilibandika," Nedka alijibu, na uongo ukazaa mwingine. "Mlangoni, na kwenye mti wa kituo cha basi. Tuliweka picha yake ya ujana."

Zlatina alifuta macho. "Vizuri. Mtu asiondoke bila mji wake kujua."

Nedka alijiona mwizi. Aliiba machozi ya mtu aliyefiwa kweli. Kila asubuhi aliapa kwamba leo atasema, na kila asubuhi alikuta Zlatina amekwisha kummiminia kahawa.

Ikafika Jumamosi ya kabla ya Pentekoste. Wakati wa chakula cha mchana Zlatina alikuja na bakuli alilolifunika kwa kitambaa. Alikuwa amembembeleza mpishi wa meli mpaka akamchemshia ngano, naye akainyunyizia sukari na jozi zilizopondwa.

"Leo siku ya wafu," alisema. "Makaburi hatuna hapa, wala padri. Ngano ya kuwakumbukia tunayo."

Gancho alivua kofia, akachota kijiko.

"Kwa Vasilka wangu. Alisema siku nikipanda meli nitazama. Haya, mama, nitazame: bado naelea."

"Mungu amsamehe," wakaitikia wanawake wawili.

Zlatina alisogeza bakuli mbele ya Nedka. "Sasa wewe. Mimi baadaye. Wewe kwanza, ndiyo haki. Mtaje."

Nedka alichukua kijiko. Tangu utotoni Nedka alijua kwamba anayemtaja mtu hai juu ya ngano ya wafu anamwita kaburini. Alikuwa amemlaani Lyuben, ndiyo. Alimwombea maumivu ya meno, alimwombea mvua kila sikukuu. Lakini sasa alimwona katika fulana yake iliyotoboka begani, akimwagilia nyanya huku akizisemesha kama watoto, na mkono ukagoma.

Akisema jina, anaua kweli. Akisema ukweli, anawapoteza watu wawili waliomwita dada na mwenzao kwa mara ya kwanza katika miaka minne.

"Siwezi," alisema. Uso ulimwaka mpaka masikioni. "Nimewadanganya. Mimi si mjane. Mume wangu yuko hai, yuko Varna na mwanamke mwingine. Niliona haya kusema nimeachwa. Nisamehe, Zlatina. Umelia nami siku zote hizi, kumbe mimi sina hata kaburi la kulilia."

Gancho alikohoa, akaigeuzageuza kofia yake.

"Ah, dada," alisema taratibu. "Kuachwa si ukoma. Ungesema tu, ningekucheka kidogo, yakaisha."

Nedka hakuthubutu kuinua macho. Alingoja tusi. Alingoja kusikia kiti kikisukumwa nyuma. Kiti hakikusogea, wala tusi halikuja, na mwishowe akatazama.

Zlatina alikuwa amejiziba kinywa kwa mikono yote miwili. Akaishusha.

"Mwanamke wa Varna ni mimi. Namba yako haikupatikana," alisema. "Nikampigia jirani yako, akaniambia umekata tiketi ya meli hii, nami nikakata, maana habari ya msiba wake haipelekwi na jirani. Halafu jioni ya kwanza ukasema mjane, ukasema moyo, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba mtu mwingine alikuwa amekwisha kukuambia."