Kidole cha Mpimaji

"Wadudu wa vidonda vya tumbo bado wapo, mama," mpimaji alisema, akimwonyesha Tumwagile mistari miwili myekundu kwenye kipimo cha damu. "Utarudia dozi."

Ingekuwa ya nne. Zile tatu alizimeza zote, akakata miwa kwenye mashamba ya Ruhembe huku mdomoni akisikia ladha ya kutu, na maumivu hayakupungua hata siku moja.

"Wewe tumbo linakuuma?" Tumwagile akamuuliza.

"Mimi? Haliniumi."

"Basi jipime."

Mpimaji alicheka, akaitazama foleni mlangoni. Hakuna aliyecheka naye. Akajitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo kipya.

Mstari wa kwanza ukatokea. Kisha wa pili, mwekundu kuliko wa Tumwagile.

Tumwagile akamsogezea karatasi ya dawa. "Futa jina langu hapo, uandike lako."