Mkato wa Banda la Nne

Mawaridi ya kibarazani nayamwagilia mimi na mbolea natafuta mimi, lakini anayeruhusiwa kuyakata ni Kampuni. Ndivyo ilivyo siku hizi kwa kila ua la kila nyumba. Mkaguzi alipofika asubuhi alikuta mashina saba hayana maua.

"Mbuzi wa jirani, bwana," nikasema. Chini ya kitanda, ndani ya beseni, lilikuwa shada la jeneza la dada yangu Kwamboka.

Akainama, akacheka. "Mbuzi huyo ana makasi, mama? Kakata mshazari, juu ya jani la tano, yote saba sawasawa."

Mkono wangu ulinisaliti. Miaka kumi na tisa tuliwakatia Kampuni hivyo hivyo katika mabanda yao ya maua, mimi na Kwamboka, tukivuta dawa waliyotunyunyizia vichwani, na hakuna aliyetuambia pole. Sijasahau.

"Huu ni mkato wa banda la nne," akasema, akifungua orodha yake. "Wakataji wake mmebaki wangapi?"

"Mmoja. Tangu jana."

Akaandika. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Pole, mama. Mazishi ni saa ngapi?"