Kipimo cha Atupele

Sheria ilikuwa wazi: mtoto asigombezwe kabla damu yake haijapimwa. Kila nyumba ya Tukuyu ilikuwa na kipimo kidogo ukutani, cha kuonyesha kama tabia ya mtoto imeletwa na ugonjwa, na Tusekile aliishukuru sheria hiyo kila siku.

Mwaka uliotangulia, binti yake Atupele, mwenye miaka minane, aliugua koo. Homa ilipokwisha alibadilika ghafla. Alinawa mikono mpaka ikapasuka, akagoma kula, akalia kwamba chakula kina sumu. Bibi yake alisema amerogwa. Kipimo kiliwaka nyekundu: kinga ya mwili, iliyopigana na vijidudu vya koo, sasa ilikuwa inaushambulia ubongo. Daktari alimpa dawa, na baada ya wiki sita Atupele alikuwa akila ndizi sahani moja na wenzake, akicheka.

Jumamosi moja, wakimenya viazi, Atupele alisema, "Mama, sitaki tena kuimba kwaya."

"Tangu lini? Na unavyoipenda!"

"Unaipenda wewe, mama."

Tusekile alishtuka. Mtoto aliinuka mwenyewe, akabonyeza kidole kwenye kipimo. Taa ikawaka kijani.

"Mimi mzima," alisema Atupele, akarudi kuketi. "Sasa unaweza kunisikiliza."

Tusekile alimshukuru Mungu kwamba mwanawe ni mzima, na alishukuru kwa moyo wote. Kisha, kwa aibu, akajikuta anatamani taa ile ingewaka nyekundu.