Sauti ya Mama Kemi

Siku hizi kila mstaafu lazima awe mwekezaji, na sheria inataka ashauriwe na sauti anayoiamini. Wakubwa, ambao pensheni zao haziguswi, walimpa Rwechungura sauti ya marehemu mkewe. Inatoka kwenye redio ya jikoni wakati anapika ndizi.

"Baba Kemi, nikeli imepatikana kule mlimani. Weka pensheni yako."

"Wachimbaji wametoboa mashimo mangapi ya kupima?"

"Moja. Lakini mwamba wake umejaa madini."

"Shimo moja! Na pembeni yake je? Au imeishia hapohapo?"

"Hawajapima bado, mume wangu."

Rwechungura akacheka kwa uchungu. Mama Kemi mwenyewe, aliyekuwa akipekua fungu zima la nyanya kabla ya kununua, angewatimua watu hawa. Jibu lilikuwa hapana. Ila akisema hapana, sauti inazimwa moja kwa moja. Akikubali, itamletea habari za shimo kila wiki.

Akauliza hili na lile, mpaka ndizi zikaungua sufuriani.

"Unakubali, Baba Kemi?"

"Nakubali. Haya, sasa niulize kama nimekula, kama ulivyokuwa ukiniuliza zamani."

"Asante, mwekezaji," ikasema sauti ya mkewe. "Tutawasiliana wiki ijayo."