Nani Kaigusa Kompyuta ya Mama?

Vitufe vilikuwa vimetoweka tena. Vuk aliikodolea macho skrini ya mama yake, damu ikampanda kichwani.

Jumapili iliyopita alikuwa ameirudishia Xfce, sura ya mfumo wa Linux anayoipenda yeye: vitufe chini, saa pembeni, kila kitu mahali pake. Leo skrini ilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa. Hiyo ilikuwa sura nyingine, GNOME, na GNOME ndiyo ugonjwa wa kaka yake, Ognjen.

“Mama, Ognjen alikuja?”

“Angekuja ningefurahi.” Mama Desanka alikuwa anapakua sarma, nyama iliyoviringwa kwa majani ya kabichi. “Mimi nimewasha tu, nikakuta hivyo. Kula kwanza, mwanangu.”

Basi ameingilia mtandaoni! Neno la siri lilikuwa jina la mbwa wao wa utotoni, angeshindwaje? Ndugu hao walibishana juu ya sura hizo siku ya Pasaka, mzaha ukageuka matusi, na hawakusemezana tena. Zamani Vuk alionekana kwa mama, Novi Sad, kwenye sikukuu tu. Sasa kila Jumapili alitoka Belgrade kufuta uchafu wa mwenzake. Alikuwa amechoka, tena amechoka kweli.

Akapiga simu.

“Wewe, achana na kompyuta ya mama!”

“Mimi? Sijaigusa!”

“Mwongo mkubwa!”

“Mwongo nani? Nisubiri hapo hapo.”

Baada ya saa moja na nusu Ognjen alifika kutoka Subotica akiwa bado amevaa ndara. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akafungua orodha ya walioingia, kisha akamsukumia mdogo wake kiti.

“Tazama mwenyewe. Hakuna aliyeingia kutoka nje.”

Vuk alitazama, akatazama tena. Ilimuuma kukubali.

“Basi ni masasisho. Yanajiweka yenyewe na kuvuruga kila kitu.”

“Si nilikwambia zamani uyazime? Ila hiyo Xfce yako, bwana, ni kama motokaa kuukuu ya marehemu baba, ile Yugo. Inakwenda, lakini nani anataka kuonekana ndani yake?”

“Na GNOME yako ni nyumba ya tajiri. Mtu anaomba kijiko, anaonyeshwa ukuta.”

“Afadhali kuliko ile sura ya tatu, KDE.”

“Hapo umesema, kaka. KDE simwekei hata adui.”

Wakacheka. Wakala sarma mpaka chungu kikabaki kitupu, wakayazima masasisho, wakamwekea mama sura zote mbili achague mwenyewe.

“Haitaharibika tena,” alisema Ognjen mlangoni. “Hutakuwa na haja ya kutusumbua.”

“Na kwenye slava, sikukuu ya ukoo wetu, mtakuja?”

“Tutaona, mama. Kazi nyingi.”

“Nyingi mno,” Vuk akaitikia.

Mama Desanka alisimama dirishani mpaka magari yote mawili yakapotea. Akafuta mikono kwenye aproni, akaketi mbele ya kompyuta na kuandika jina la mbwa bila kuitazama kibodi.

Kisha akafuta sura zote mbili, akaweka KDE.