Gazeti Chini ya Mfuko

Mama aliulaza mfuko wa maji yaliyotoka tumboni mwake kwa mrija, yale yanayomsafishia damu badala ya figo, juu ya gazeti, kama afanyavyo kila asubuhi. Maji yakiwa safi, hata herufi ndogo za matangazo ya vifo husomeka kupitia mfuko.

Leo hata kichwa cha habari kilikuwa ukungu mtupu.

"Labda ni mwanga," nikasema. "Tungoje kesho."

"Mwanga gani? Jua lote hili dirishani!"

Wiki mbili nyuma alimeza antibayotiki za jino. Nesi alisisitiza azimeze pamoja na dawa ya kuzuia fangasi, nami ndiye niliyesahau kuichukua. Kama ukungu huu ni fangasi walioingia tumboni, mrija wa tumboni utatolewa. Na mama, fundi cherehani aliyejisafishia damu mwenyewe nyumbani miaka mitatu, atafungwa kwenye mashine ya hospitali.

"Mama, ni mimi niliye..."

"Najua. Utalia kwenye gari, sasa hivi nina haraka."

Akanawa mikono kwa utaratibu uleule, kidole kwa kidole, kucha kwa kucha. Akaufunga mfuko vizuri ili daktari auone.

"Beba na hilo gazeti," akasema. "Sijamaliza kusoma."