Hodi ya Tatu

Kombo aling'oa mlango wa nyumba kwa nyundo akaulaza ndani ya lori, uwe kitanda. Kuanzia kesho lori ndilo nyumba yao, na maisha yao yote ni njiani.

Mkewe, Sikujua, alisimama chini na tumbo lake la miezi saba. Nyuma yake nyumba ilikuwa wazi, na kuku wa jirani alikwisha kuingia.

"Panda basi, Mama Mize. Kitanda cha mninga hiki, hata sultani hana."

"Mlango ukilala, watu wanaingilia wapi?"

"Barabara yote ni yetu."

"Hata mbwa husema hivyo."

Mize, binti yao wa miaka sita, alijilaza juu ya mlango akaugonga kwa ngumi. "Hodi."

Kombo alicheka. Mkewe hakuitikia. Kwao hodi ni tatu. Ukikosa karibu, unarudi ulikotoka.

"Hodi," mtoto akarudia, sauti imepungua, akimtazama mama yake.

Sikujua alifungua mdomo. Kombo aliiweka nyundo chini taratibu, na Mize akainua tena ngumi.